Mchanga wa Bi Zuhura

Wanawake waliokuja kumwosha mama mkwe wangu ndio walioukuta mfuko chini ya kitanda chake. Ni mfuko wa zamani wa unga wa mahindi, umefungwa mdomo kwa kipande cha kanga, mzito kiasi kwamba Bi Mwanahawa, rafiki yake wa miaka mingi, alishindwa kuuvuta kwa mkono mmoja. Aliufungua, akaingiza vidole, akanitazama. "Goreti, huu ni mchanga. Tuutupe?" Nikamwambia auache palepale. "Mchanga tu, mwanangu. Chumba kinatakiwa kiwe safi, watu wanakuja." Nikamwambia tena auache. Alinishangaa, maana hakuna mtu katika jengo lile aliyewahi kunisikia nikiutetea ule mfuko. Kwa miaka mingi, kila baridi ilipoingia Johannesburg, mimi na Bi Zuhura tuligombana kwa ajili yake. Mchanga uliingia kwenye zulia, kwenye mashuka, kwenye sufuria zangu za wali, nami nilikuwa nafagia kwa nguvu ili asikie. Na yeye alikuwa anakohoa kwa nguvu ili nijue kwamba amesikia. Sasa hakuna tena wa kukohoa. Nilikaa pembeni ya mlango, nikawaacha wamalize kazi yao, na mawazo yakanirudisha kwenye mwaka mmoja tu, mwaka ambao mwanangu Idi alikuwa na miaka minne na sisi tulikuwa tunatafuta mahali pa kumficha na baridi.

Wakati ule tulikaa Joubert Park, chumba kimoja katika nyumba ya ghorofani tuliyoishi pamoja na familia nyingine. Pazia lilikigawa chumba. Upande wa dirisha nililala mimi na mume wangu Shabani, upande wa ndani Bi Zuhura na Idi, kwa sababu kule ndani upepo ulikuwa haufiki sana. Chumba kilinuka tui la kopo, karafuu na mafuta ya kuchua. Dirisha lilikuwa na ufa, tumeuziba kwa boksi na gundi, lakini mwezi wa sita ukifika baridi ya Johannesburg inapita hata kwenye tundu la ufunguo. Ni baridi kavu, inakausha midomo na kuumiza mifupa. Na mifupa ya Idi haikuhitaji kuumizwa zaidi. Alikuwa na selimundu. Baridi ikimkamata, damu inakwama, na mtoto anapiga kelele ambazo jirani wa ghorofa ya chini anazisikia. Msimu wa baridi uliotangulia alilazwa mara kwa mara, na mara ya mwisho daktari alituita pembeni akasema bila kuficha: akipitia baridi nyingine kama hii katika chumba kama chenu, siwaahidi kitu. Mtafutieni mahali pa joto. Shabani alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa aende mwezini. Mimi nilitazama viatu vya daktari.

Niseme ukweli kuhusu Bi Zuhura, kwa sababu leo kila mtu anayeingia hapa kutoa pole anasema alikuwa na moyo wa dhahabu. Hakunipenda. Alitoka Tanga, Mwislamu wa swala tano, na mimi ni Mkatoliki kutoka Burundi niliyefika nchi hii na kiroba cha nguo. Hakuniita Mama Idi, kama watu wa kwao wanavyomwita mwanamke aliyezaa. Aliniita "mwenzetu wa milimani." Kiswahili changu alisema kimevaa viatu vya Kifaransa. Nikipika maharage yangu na isombe, kisamvu cha kwetu, alikuwa anachungulia sufuria na kuuliza kama kuna mgonjwa. Hayo yote niliyaweza. Nisichokiweza ni simu zake. Jioni alikuwa anampigia Bi Mwanahawa, ameketi nyuma ya pazia kana kwamba pazia ni ukuta wa tofali, anasema: "Ugonjwa huu kwetu haupo, Mwana. Kwetu watoto wanakua na mifupa kama chuma. Hii ni damu ya kule kwao. Mwanangu kaenda kuchota maji kisimani asikokujua." Daktari alikwishatuambia kwamba ugonjwa huu unatoka kwa baba na mama wote wawili, si kwa mmoja. Shabani alisikia, nami nilisikia. Lakini Shabani mbele ya mama yake alikuwa hana mdomo. Mimi nililala upande wangu wa pazia, nikihesabiwa damu yangu kwa sauti, na mtoto amelala ubavuni mwake.

Karavani ilitujia kwa bahati. Shabani alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari katika yadi moja mjini, na bosi wake alipofunga yadi alimpa karavani kuukuu badala ya malipo yake ya mwisho. Ilikuwa na vitanda, jiko la gesi na paa lililovuja upande mmoja. Shabani aliliziba, akaazima pikapu ya rafiki yake, na usiku huo tukala wali tukiwa na furaha kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwa sababu sasa tulikuwa na nyumba ya kuburuta mpaka kwenye joto. Kilichobaki kilikuwa kuchagua kambi ya kuiegesha. Hapo ndipo vita ilipoanza.

Mimi nilikuwa na kambi yangu. Nilifanya kazi za ndani Midrand, kwenye nyumba zile zenye geti na mlinzi, na wazazi wa madamu wangu, wazee wa Kizungu, walikuwa wanafunga karavani yao kila mwezi wa tano na kwenda kaskazini, Limpopo, kwenye kambi yenye chemchemi ya maji moto. Walikuwa wanarudi baridi ikiisha, wamekuwa wekundu kama kamba waliochemshwa. Nikamwuliza bibi yule, huku nikimpigia pasi mashati ya mumewe, ni wapi hasa. Alifurahi. Alinieleza barabara, miti, namna maji yanavyotoka ardhini yakiwa ya moto mpaka yanatoa moshi. Kisha akauliza kwa nini ninataka kujua. Nikamwambia ni kwa ajili ya mwanangu. Uso wake ukafunga. "Ah," akasema, "lakini pale ni pa watu wazima, Goreti. Tunajuana wote. Sidhani kama mtajisikia vizuri." Akachukua shati, akalikagua kola, akanirudishia nilipige pasi upya. Lilikuwa limenyooka.

Bi Zuhura alikuwa na kambi yake, na kambi yake ilikuwa bahari. Haijalishi bahari gani. "Mtoto apelekwe baharini," alisema jioni moja mezani, mkono wake ukiwa umefinyanga tonge na haulili. "Miguu yake ifukiwe kwenye mchanga wa jua la mchana. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mchanga wa moto unavuta maumivu yote." Shabani aliulizia. Upande wa Durban kambi zilikuwa zimejaa watu wa likizo, na kwenye kambi mbili walikata simu waliposikia lafudhi yake. Lakini alikuwa na rafiki wa Tanga anayeishi Cape Town, na huyo akasema ipo kambi juu ya Cape Town, ukifuata pwani ya magharibi, iko kando ya bahari kabisa, na msimu wa baridi ni rahisi kwa sababu hakuna mtu anayekwenda. Hakuna hata mmoja pale mezani aliyeuliza kwa nini hakuna mtu anayekwenda, isipokuwa mimi.

"Mama," nikasema, "bahari zote si moja. Madamu ameniambia ile ya upande ule ni baridi."

"Wewe bahari umeiona wapi? Kwenye kalenda?"

"Nimekulia ziwani. Maji nayajua."

"Ziwa!" Alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Beseni lile? Shabani, msikie mkeo. Mtu wa beseni anamfundisha mtu wa Tanga bahari. Bahari ni joto, mwenzetu. Mungu kaiumba hivyo. Ndiyo maana watu wa milimani mkiiona mnalia."

"Na maji moto ya Limpopo?"

"Yale ya kuogea Makaburu uchi? Mjukuu wangu hachemshwi kwenye supu ya wazee."

Nikamtazama Shabani. Shabani alikuwa anatazama mchuzi. "Eish," akasema, "Mama amekulia pwani. Anajua." Basi. Tukaenda baharini.

Safari ile siielezi, ilikuwa ndefu na hatukusemeshana. Tulifika alasiri. Nakumbuka Bi Zuhura alivyoshuka kwenye pikapu: alijitengeneza ushungi, akavua viatu, akatembea kuelekea maji kama mtu anayerudi kwao. Mbele yetu kulikuwa na ukungu mweupe uliolala juu ya bahari, na upepo ulipiga kutoka majini, wala haukuwa upepo wa kumpepea mtu, ulikuwa wa kumchuna. Kambi nzima ilikuwa tupu. Mwenye kambi alitoka amevaa koti la manyoya, akatutazama, akamtazama mtoto, akauliza kama tumepotea. Bi Zuhura aliingiza miguu majini. Niliona mabega yake yakipanda. Alisimama pale, maji yakimpiga vifundoni, muda mrefu kuliko ambavyo mtu yeyote angeweza kuvumilia maji yale, kwa sababu mimi nilikuwa nyuma yake ninamtazama.

Kesho yake mchana jua lilichungulia kidogo, akambeba Idi mpaka ufukweni. Nilimwambia asifanye. Akasema jua limetoka. Alichimba kwa mikono, akamweka mtoto, akamfukia mpaka magotini, na juu mchanga ulikuwa na uvuguvugu wa uongo, lakini chini ulikuwa na maji, baridi kama chuma cha friji. Idi alianza kulia jioni. Usiku alikuwa hana tena sauti ya kulia, anafungua mdomo tu. Tukamkimbiza hospitali ya mji mdogo wa jirani, na nesi, mama mmoja mnene aliyekuwa ametoka kulala, alipoisoma kadi yake alitugeukia sote watatu: "Nani mwenye akili amemleta mtoto wa selimundu kwenye pwani hii mwezi wa sita?" Nilimngoja Bi Zuhura aseme. Nilimngoja siku zote ambazo Idi alikuwa amelala pale na mrija mkononi. Alichosema, tulipokuwa tunatoka, amembeba mtoto kwenye blanketi mbili na bahari inaonekana kule chini, ni neno moja tu. "Hii siyo bahari," alisema. "Ni maji tu." Kwa hasira, kana kwamba bahari ndiyo iliyomdanganya.

Shabani hakuuliza mtu tena. Aliendesha kwenda kaskazini, nchi nzima, mpaka kwenye kambi ya maji moto. Getini alitoka meneja mwenye kaptula na soksi ndefu. Aliizunguka karavani yetu, akaigonga kwa kidole. Akamtazama Bi Zuhura na baibui lake. "Mko wangapi? Wengine wanakuja nyuma? Hapa hakuna kuuza vitu. Hakuna kelele, hakuna kuanika nguo." Shabani akasema ndiyo bwana, ndiyo bwana. Nafasi zilikuwapo karibu na bwawa, chini ya miti, nilizihesabu kwa macho. Akatupeleka mwisho kabisa, nyuma ya vyoo, kwenye uzio, pale bomba linapomwaga nje maji yaliyotumika ya bwawa. Wazee wenye karavani nadhifu na maua ya plastiki mlangoni waligeuza viti vyao tulipopita. Mama wa madamu wangu alikuwa miongoni mwao. Aliinua gazeti likafunika uso. Bwawani Bi Zuhura alizuiwa kwa sababu ya nguo zake, wanataka mtu avae vazi la kuogelea, na yeye akasema angekufa kwanza. Mimi nilijaribu kuingia na Idi asubuhi moja, nimevaa vazi la kuazima, na kina mama wawili wakatoka majini papo hapo, wakajifuta kwa kujisugua. Sikurudi tena. Nikawa namkanda Idi kwa taulo ndani ya karavani, na usiku, kwa sababu hata kule usiku una baridi, tulimlaza katikati ya watu wazima watatu wanaochukiana.

Ndipo nikaanza kuona kwamba mchana Bi Zuhura anapotea na mtoto. Nilidhani anamtembeza. Siku moja nilibeba beseni la nguo nikapita kwenye tundu la uzio, nyuma ya matete, kutafuta mahali pa kuanika ambapo meneja haoni. Pale nje bomba lilimwaga maji kwenye kijito kikavu chenye mchanga, na maji yalikuwa bado ya moto, yanapenya chini, mchanga wote kandokando unatoa mvuke mwembamba. Bi Zuhura alikuwa amepiga magoti mle ndani na baibui lake. Alikuwa ameupima mchanga kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima uji wa mtoto, na Idi ameketi amefukiwa mpaka mapajani, anacheka.

"Usitikise, usitikise, joto linakimbia," alikuwa anamwambia. "Mwenzio naye alikuwa hivihivi, hatulii. Nikifukia huu, anauchomoa ule."

"Nani, Bibi?"

"Idi."

"Idi mimi."

"Wewe wa pili. Wa kwanza alikuwa mwanangu, kaka wa baba yako. Naye miguu ilimuuma hivihivi, macho yakawa ya njano. Nilikuwa nampeleka pwani mchana, namfukia, analala."

Nilijua mwanangu amepewa jina la marehemu wa kwao. Niliambiwa ni mzee wa zamani. Beseni lilinitoka, nguo zikamwagika kwenye vumbi.

"Ulijua," nikasema.

Hakugeuka. "Umekuja kwa miguu ya paka."

"Tangu mtoto huyu azaliwe unaniambia ni damu yangu. Kwenye simu, mbele ya watu. Na ulijua."

"Punguza sauti, mtoto asishtuke."

"Ulijua, Mama!"

Akageuka sasa. Uso wake ulikuwa na mchanga upande mmoja. "Nilijua. Ulitaka niseme nini? Kama ni yetu, basi mmoja nimemzika mimi, na wa pili nimemletea mimi. Nilale wapi na hilo, niambie. Nikasema ni yako. Wewe una mgongo mpana."

"Daktari alisema ni ya pande zote mbili."

"Daktari hakumzika Idi."

Nilitaka kumpiga. Sitasema nilimwonea huruma, maana haikuwa hivyo; nilitaka kumkamata ule ushungi na kumburuta mpaka kwenye bomba. Lakini Idi, aliyekuwa anatutazama kwa zamu, alichomoa mguu wake wa kushoto kutoka mchangani. Bi Zuhura alikuwa upande wa kulia. Wa kushoto ulikuwa kwangu. Nikapiga magoti, nikauchukua, nikaufukia. Mchanga ulikuwa wa moto kweli, joto lilipanda mpaka kwenye viwiko. Tukakaa hivyo, kila mmoja na mguu wake, bila kutazamana, mpaka jua lilipoelemea kwenye matete. Tangu siku hiyo tulikwenda sote wawili kila mchana. Hatukuwa tunazungumza. Kuna wakati bibi yule wa gazeti alikuja kwenye uzio kutuchungulia, Bi Zuhura akamwambia kwa Kiswahili, kwa adabu kabisa, aende akapakwe siagi, na hiyo ndiyo mara pekee mwaka ule tulipocheka pamoja.

Idi hakulazwa tena msimu ule. Daktari alisema ni joto, dawa na maji mengi. Bi Zuhura alisema ni mchanga. Mimi sijui, na sitajifanya najua. Habari ya damu hakuigusa tena, lakini msamaha hakuomba, na jioni ya siku ile tuliyogombana mchangani nilimsikia akimwambia Bi Mwanahawa kwenye simu kwamba mkwe wake ana mdomo kama pasi ya mkaa. Siku ya kuondoka aliujaza mfuko wa unga kwa mchanga wa pale. Shabani akalalamika kwamba ni uzito wa bure. "Basi niache mimi," akamjibu, "mbebe mfuko." Karavani iliuzwa mwaka uliofuata. Mfuko ukabaki. Kila baridi alikuwa anaukaanga mchanga kwenye sufuria yangu, anaumimina kwenye beseni, na Idi, hata alipokuwa na ndevu na aibu, alikuwa anaingiza miguu.

Tumemzika leo mchana. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki. Idi ndiye aliyeshuka kaburini pamoja na baba yake kumpokea na kumlaza kwenye mwanandani, kwa sababu alitaka, na kwa sababu tulimkataza. Upepo wa baridi ulikuwa unavuma tangu alfajiri. Amerudi na udongo magotini, anapanda ngazi za mlangoni mguu mmoja mmoja. Mimi humsemesha Kiswahili na yeye hunijibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoea. Lakini leo amesema, "Ma, miguu," kwa sauti ya mtoto wa miaka minne, akakaa juu ya kitanda cha bibi yake.

Nimempa dawa na chupa ya maji. Kisha nimeuvuta mfuko kutoka uvunguni, nimemwaga mchanga kwenye sufuria, nimewasha gesi. Bi Mwanahawa alikuwa jikoni anagawa chai. "Leo wewe?" akauliza. Nimekoroga kwa mwiko mpaka ulipoanza kunuka, harufu ileile, kama ardhi inayokaribia mvua. Nimeupima kwa mgongo wa mkono. Nimeumimina kwenye beseni, nikapiga magoti, nikaifukia miguu mikubwa ya mwanangu, na alipojisogeza nikasikia mdomo wangu ukisema, "Usitikise, joto linakimbia." Shabani alitoka nje.

Idi alipolala nimeurudisha mchanga mfukoni. Chembe nyingi zilikuwa zimemwagika kwenye zulia, kama kawaida. Nikachukua ufagio, nikazifagia polepole, kisha nikaziokota kwa kiganja na kuzirudisha zote mfukoni. Nikaufunga kwa kile kipande cha kanga.